Disketi ya Kamukuywa

Juzi nilikuwa Kitale, nikapita pale shangazi alipokuwa na ofisi yake ya kupiga chapa na fotokopi. Siku hizi wanauza simu. Kijana wa duka alikuwa akicheza mchezo wa majoka, vidole vinakimbia kwenye kioo. Nikamwambia sisi pia tulipigana na majoka hapo hapo, ila tulipigana kwa zamu: unacheza, unamaliza, kisha unamngoja mwenzako naye acheze. "Hiyo si itanichosha, madam," akasema. "Mimi siwezi ngoja mtu." Nilicheka naye, lakini nilitoka pale machozi yakiwa karibu, maana nashukuru kwa kungoja kule mpaka leo.

Wewe uliyekua miaka ile utanielewa. Kazi ya baba ilipoisha, nyumba yetu ya Matulo iligawanyika. Mimi nilipelekwa Kitale kwa shangazi, na kaka yangu akaenda Kamukuywa kwa nyanya, ambaye sote tulimwita kukhu. Nilikuwa darasa la nane. Sikuogopa shule mpya wala baridi ya Kitale. Niliogopa kwamba watu wangu wangeendelea kuishi bila mimi, na mimi nisijue lolote.

Kaka ndiye aliyepata dawa. Shule yake ya sekondari ilikuwa na kompyuta, na mwalimu aliwaruhusu kucheza Jumamosi wakishafagia darasa. Shangazi naye alikuwa na kompyuta ya kazi. Basi kaka alicheza zamu yake, akauhifadhi mchezo kwenye disketi, na jirani yetu wa Kitale, mama wa vitunguu aliyekwenda soko la Kamukuywa kila wiki, akaniletea ndani ya Biblia yake. Nami nilicheza yangu, disketi ikarudi naye soko lililofuata. Ilifika ikinuka moshi wa jikoni kwa kukhu, pamoja na njugu karanga alizozikaanga mwenyewe. Shangazi alilalamika kwamba tutamjazia mashine virusi, huku mkono wake uko ndani ya mfuko wa njugu.

Michezo ilikuwa miwili, na ubishi wetu haukuisha. Wa kwanza ulikuwa wa ngome, na picha zake zilimeremeta. Ulikuwa na majoka, farasi wenye mabawa, na askari wa kuajiri kwa mafungu. Wakifa mia, unaajiri mia wengine, na hakuna wa kuwalilia. Huo ndio nilioupenda. Wa pili uwanja wake ulikuwa umegawanywa kama sega la nyuki, picha za kawaida tu, askari wachache. Lakini kila askari alikuwa na jina lake, alikomaa vita kwa vita, na akifa ndiyo basi. Mimi niliuona ni mchezo wa wazee, mpaka kaka alipogundua kwamba yale majina yanaweza kubadilishwa.

Hapo jeshi lake likawa watu wa kwetu. Baba alishika mkuki, na kama baba mwenyewe, hakurudi nyuma hata akitobolewa. Mwalimu wa kompyuta alikuwa mchawi. Mponyaji, ambaye askari wakisimama karibu naye walipata nafuu, aliitwa Kukhu. Nilimwandama Kukhu bila huruma kwa wapiganaji wangu waliopanda mbwa mwitu, huku natafuna njugu zake.

Muhula wa pili, disketi ilikuja bila njugu. Nikaifungua, nikakuta Kukhu ameondolewa vitani na kuwekwa kwenye kijiji cha nyuma kabisa, mahali ambapo askari aliyejeruhiwa hulala ili apone. Ajabu ni kwamba hakuwa na jeraha hata moja. Kaka hakuwa mtu wa kupoteza zamu ovyo, lakini mimi nilifurahi tu na kuwachapa askari aliowaacha. Soko lililofuata, Kukhu alikuwa bado kijijini, na Baba, yule asiyerudi nyuma, alikuwa amesimama kando yake.

Nikamwendea shangazi, aliyekuwa akipiga chapa.

"Kukhu ni mgonjwa?"

Vidole vyake vilisimama. "Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu."

Na ni kweli. Watu wazima walikuwa wamekubaliana nisiambiwe hadi nimalize mtihani, na kaka alikuwa ameahidi kutosema neno. Hakusema. Shangazi akazima mashine. "Basi enda uvae sweta," akasema.

Tulipofika Kamukuywa, kukhu alikuwa amelazwa karibu na mlango wa nyumba yake ili apate jua, amekonda sana. "Ati ni wewe unanipigaga kwa komputa?" akaniuliza. "Kuja hapa. Nimekungoja sana." Nililala kando yake mpaka jioni, mkono wake mgongoni mwangu. Alitutoka kabla ya mtihani wangu. Bila ile disketi ningeonyeshwa kaburi tu.

Sasa kukhu hayupo, mama wa vitunguu hayupo, na nyumbani kwangu hakuna mashine yenye mdomo wa kuingizia disketi. Kaka nikimpigia simu anashika mara moja, na mara nyingi tunakosa la kusema. Bado tunabishana kuhusu ile michezo, nami bado nasema ule wa ngome ulikuwa mzuri zaidi kwa macho. Lakini haungenifikisha Kamukuywa.

Ule wa pili hatukuumaliza. Disketi ninayo, na zamu iliyomo ni yangu. Kukhu yuko kijijini, Baba yuko kando yake, na mbwa mwitu wangu wamebakiza hatua moja tu kumfikia. Nimewaacha hapo hapo.