Patasi Iliyopotea Siku ya Maandalizi

Siku ya kwanza niliyoingia gerezani, miaka michache baada ya uhuru, nilikuwa nimevaa tai. Sajini wa lango alinikagua hadi ndani ya soksi, kisha akaniuliza nimefungwa kwa kosa gani. Nikamjibu nimekuja kufundisha useremala, tena bure. Alicheka mpaka akashika ukuta.

Nilikuwa na karakana yangu Nyamira. Bwana Msimamizi, mkuu wa kambi ndogo ya wafungwa upande wa Kisii, alikuwa ameomba makanisa yamtafutie mafundi wa kujitolea, nami nikawa naenda kila Ijumaa. Ninyi vijana wa kupigilia misumari kila mahali, niwaeleze: sisi tuliunga mbao kwa ulimi na tundu. Ubao mmoja unachongwa ulimi, wa pili unatobolewa tundu kwa patasi, na vikiingiana havitoki. Wanafunzi wangu waliharibu mbao nyingi kabla ya kulijua hilo. Aliyelishika upesi ni Nyang'au wa Nyaramba, aliyefungwa kwa kuiba ng'ombe. Alikuwa amebakiza wiki tatu atoke, kwa sababu ya punguzo la kifungo, yaani zile siku anazosamehewa mfungwa mwenye tabia njema. Mama yake alikuwa mgonjwa sana. Kila Ijumaa swali lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Mwalimu, umesikia kama mama bado yuko?"

Vyombo vyetu vilitundikwa kwenye ubao uliochorwa umbo la kila kimoja. Randa ikikosekana, umbo lake linabaki tupu na hakuna mtu anayetoka.

Ijumaa moja mvua ilitukawiza. Mimi ni Msabato, na kwetu Ijumaa ni siku ya maandalizi: jua likizama, kazi imekwisha. Basi macho yangu yalikuwa kwenye jua, si kwenye ubao. Nyang'au alinipa patasi yake niitazame makali, nikaitia mfukoni mwa koti la kazi, nikaondoka mbio kabla ubao haujakaguliwa. Sajini alikuwa ameshaacha kunikagua. Nilishakuwa mtu wa kuaminika, eti.

Nyumbani nilitundika koti nyuma ya mlango. Sabato hatugusi vitu vya kazi, kwa hiyo koti nalo lilipumzika. Jumapili asubuhi nikalivaa na kutia mkono mfukoni. Nikaikuta patasi, nikashika njia ya kambini.

Nilipofika kambini, Sajini alinipokea kwa hasira, ila si juu yangu. "Huyo Nyang'au ameiba patasi, sasa yeye iko kwa seli ya adhabu. Na anasema ati ni wewe ulienda nayo! Mwizi wa ng'ombe anasingizia mtu wa kanisa!" Barua ya kufuta punguzo lake ilikuwa imeshaandikwa, ikingoja kupelekwa Jumatatu.

Niliiweka patasi mezani kwa Bwana Msimamizi. "Alisema kweli, Bwana. Mwizi ni mimi."

Aliisogeza kando. "Mwalimu, nikiliandika hili, huenda usiingie hapa tena."

"Liandike."

Aliichana ile barua ya Nyang'au. "Sitaandika kitu. Lakini alihukumiwa mbele ya watu. Nenda ukaseme mbele ya watu."

Wafungwa wote waliletwa uwanjani wakachuchumaa kwa mistari, na Nyang'au akatolewa seli. Nilisema, "Nyang'au hakuiba. Patasi nilikuwa nayo mimi." Sikuweza kumtazama usoni. Naona aibu hiyo hata leo ninapoandika.

Baadaye nilifundisha katika kambi nyingine mbili, hadi macho yalipokataa kuona mstari wa penseli. Nimestaafu nikiwa na shukrani tele: kwa Bwana Msimamizi aliyeniacha niendelee, kwa Sajini aliyerudia kunikagua soksi kila Ijumaa, na kwa wanafunzi waliovumilia ukali wangu. Watu huniuliza nilipata nini kwa kazi isiyo na mshahara.

Nyang'au alitoka tarehe yake ileile. Baada ya mwezi alikuja karakanani na mkungu wa ndizi begani, na nyuma yake mwanamke aliyekonda, anayetembelea fimbo. Nilianza kumwomba msamaha tena, akanikatiza.

"Wacha, Mwalimu. Mimi nilijua utarudisha. Lakini tangu nizaliwe, hakuna mtu amewahi kusimama mbele ya watu aseme Nyang'au hakuiba." Akamgeukia yule mwanamke. "Mwambie mama. Mimi nikimwambia, haamini."

Nikamwambia.