Pumzi ya Momade Ilipopungua

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, na kila nikiikumbuka jasho bado hunitoka.

Nilikuwa kijana, sina hata mtoto. Mdogo wangu Momade alikuwa akizamia majongoo bahari huku kwetu Quionga, akipumua kwa mpira uliotoka kwenye kompresa, mashine ya kusukuma hewa, iliyokuwa botini. Siku hiyo moshi wa injini uliingia kwenye kompresa, naye akauvuta chini ya maji bila kujua. Wenzake walimtoa anahema mbio mbio, hanitambui mimi dada yake.

Tukamkimbiza Palma, ambako kwenye kambi moja ya wazamiaji kulikuwa na chumba cha chuma cha kuwatibu. Mgonjwa anafungiwa ndani, hewa inaongezwa mpaka masikio yanaziba, huku anavuta oksijeni kwa barakoa. Si shinikizo kubwa, walisema, la kiasi tu. Nikawasihi niingie naye. Tukafungiwa watatu: Momade, mimi, na Dona Roza, nesi mtu mzima wa kutoka Mueda.

Mwanzoni kifua cha ndugu yangu kilipanda na kushuka kama cha mtu aliyekimbizwa. Halafu kikapunguza kasi. Kikapunguza tena. Kila pumzi ikawa inachelewa, nami naisubiri nyingine huku nimeuma kanga. Nikajua basi, anakata roho. Nikaishika ile barakoa niivue.

Dona Roza alinidaka mkono. Hakupiga kelele.

"Weka kiganja kifuani pako," akaniambia. "Wewe mwenyewe unapumuaje?"

Nikaweka. Kumbe, pamoja na hofu yote ile, kifua changu nacho kilikuwa kikienda taratibu! "Polepole, mama."

"Unakufa?"

"Hapana."

"Basi naye hafi. Hewa ya humu imeshindiliwa, pumzi moja inabeba nyingi, kifua hakina haja ya kuhangaika. Ukimvua hiyo ndipo utamuua. Kaa chini!"

Nilikaa. Sikudanganyi, niliogopa mpaka Momade alipofumbua macho, akanitazama, akauliza kwa nini nalia mbele za watu.

Mwanangu, ukimpenda mtu, hofu inaweza kukuonyesha kifo hata pale anapopata nafuu. Usifanye jambo kabla hujamuuliza anayejua, hata kama moyo unakuchoma. Na akikukatalia kwa ukali, usinune. Bila ukali wa mama yule, ningemzika ndugu yangu.

Mwenyezi Mungu akupe afya, akuzungushie watu watakaothubutu kukuzuia. Amin.