Mawe ya Elmenteita na Mfupa Nilioupiga Sururu

Mimi si mtu wa kushangazwa na kitu. Nilianza kwa kubeba magunia ya viazi mgongoni kule Kuresoi, shule niliiacha darasa la pili, na leo nina lori lenye jina langu mlangoni wala hakuna anayelidai. Niliposikia kuna watu wanachimbua makao ya kale karibu na Elmenteita, nilicheka tu. Kilichonitoa nyumbani ni mawe. Nilikuwa nimenunua lundo zima kwa mzungu mmoja mwenye shamba, la kujenga barabara mpya, na bwana wa barabara aliniambia wazi kuwa yasipofika kabla ya mvua, kazi anampa mwingine.

Asubuhi na mapema tulitoka Molo, mimi kwenye usukani, vibarua wanne nyuma wamejifunika magunia kwa baridi. Nakuru tulisimama kunywa chai. Mwenye hoteli aliposikia ninakokwenda, akatikisa kichwa.

"Mawe yako yamezungushiwa kamba, bwana. Kuna memsahibu anayachambua kama mchele."

"Nimeyalipia," nikamwambia. "Kamba ni ya kufungia ng'ombe."

Elmenteita tulifika jua likiwa kali. Nikaona watu wazima wamepiga magoti wakipangusa udongo kwa brashi ya rangi! Nyapara wao, Barasa, akaja mbio.

"Mzee, upande huu tumemaliza, pakia. Ule ngoja kesho. Mawe yakishafukiwa barabarani, hakuna atakayeyaona tena."

Nilitazama. Mawe yaliyoungua, majivu, bakuli la jiwe, na vipande vyeusi kama kioo, vikali hata kunyoa ndevu. Memsahibu akasema palikuwa jiko la watu, kabla ya babu wa babu zangu. Sawa. Lakini mawe mazuri yalikuwa upande ule.

"Kwa mwendo huu, memsahibu, mvua itawafunika na nyinyi."

Vibarua wangu wakacheka. "Waonyeshe, mzee!" akapiga kelele Kamau, mkubwa wao.

Nikaruka kamba na sururu yangu. Mapigo mawili yakaenda vizuri. La tatu likalia kama kuni kavu. Nikainama, nikavuta, nikainua: mfupa wa paja la mtu.

Kicheko kikakatika.

"Sisi tukifika kwenye mfupa tunasimama," Barasa akasema polepole. "Anashika memsahibu mwenyewe."

Memsahibu hakufoka. Aliupokea kwa mikono miwili, akaulaza juu ya pamba, akaniambia nitoke. Kamau akaweka karai chini.

"Umeshika mfupa wa maiti, mzee, una mkosi. Lori lako hatupandi. Wala jiwe utakalogusa hatuligusi."

"Nawaongeza shilingi kila mmoja."

"Shilingi itatuosha? Leta mbuzi."

Juu ya mlima Eburru mawingu yalikuwa yameanza kujaa. Nilipakia peke yangu mpaka mgongo ukakataa, na sakafu ya lori ilikuwa bado inaonekana. Nikamfuata mchunga mbuzi mmoja. Alikuwa ameona kila kitu, akataja bei bila kunitazama usoni. Mzee wa kutakasa akatoka kwenye kambi ya vibarua wa shamba, mbuzi akachinjwa, nikapakwa taka za tumbo lake mbele ya watu wote. Kesho yake upande ule ulipofunguliwa, vijana walipakia kwa nyimbo. Mawe yalimwagwa barabarani asubuhi iliyofuata. Mvua ikaanza jioni. Kazi ikabaki yangu.

Nyumbani Molo mke wangu alikuwa amesimama mlangoni. Habari ilinitangulia.

"Nimeshachinja," nikamwambia.

"Huyo alikuwa wa vibarua, baba Wanjiru. Wa nyumba hii yuko wapi?"

Nililala kwenye lori mpaka mbuzi wa pili alipochinjwa. Nilichojifunza ni kwamba hata jiko lililozimika zamani lina wenyewe, na mtu akiambiwa ngoja kesho, angoje. Mbuzi wawili, mzee wa kutakasa, sukari na tumbako: shilingi themanini na tisa na senti hamsini.