Mgogo Aliyebeba Viazi Hadi Isevya

Siku ninayoikumbuka kuliko zote za usichana wangu, mwanangu, ilikuwa ya Oktoba, kule Ntalikwa, jua limekausha kila kitu isipokuwa midomo ya watu. Tulikuwa tumekusanyika nje ya kanisa tukimsubiri bwana mmoja kutoka mjini, yule aliyekuwa msimamizi wa basi la mji. Nakusimulia haya kwa sababu nimesikia kwamba Alhamisi wewe na wenzako mnakwenda kwenye kikao cha bajeti kudai mabasi. Nimesomewa pia mliyoyaandika kwenye simu kuhusu hao wakubwa mnaokwenda kuonana nao. Nilicheka kidogo, kisha nikaacha kucheka.

Enzi zetu Tabora ilikuwa na basi lake, la rangi ya samawati, na honi yake ilikuwa na kikohozi. Lilianzia stesheni, likapita sokoni, likaishia Isevya, na pale Isevya likageuza. Sisi wa Ntalikwa tuliliona mgongo tu. Mimi nilikuwa nasoma sekondari mjini, kwa hiyo kila alfajiri nilitoka nyumbani giza bado limetanda, nikatembea peke yangu mpaka Isevya kulipanda, na jioni nikashuka Isevya na kurudi vivyo hivyo. Baba hakuwa mtu mkali. Alikuwa mkulima wa tumbaku na karanga, mtu wa maneno machache, na alinipenda. Lakini mwaka ule msichana mmoja alivamiwa njiani kule upande wa pili wa mji, na baba akaamua. Alisema mvua zikianza, nyasi zikirefuka kandokando ya njia, nitaacha shule. Hakugomba wala hakupaza sauti, na ndiyo maana nilijua hatabadili. Nililia mpaka nikavimba macho.

Basi ndipo wazee wakaomba yule bwana aje kijijini, aone kama basi linaweza kusogezwa mpaka kwetu. Alikuja kwa Land Rover, yeye na dereva wake. Alikuwa Mgogo wa Dodoma, mnene kidogo, amevaa viatu vyeusi vilivyong'aa kiasi kwamba watoto walijitazama humo. Alitusalimia kwa Kinyamwezi, "Mwangaluka," kwa lafudhi iliyotuchekesha. Shangazi yangu Theresia, dada yake baba, akamjibu kwa Kigogo, "Mbukwenyi," na watu wakacheka tena. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimekaa mbele na sare yangu ya shule, natazama mawingu, nahesabu mvua ambazo hazijanyesha.

Wazee walieleza haja yetu kwa adabu. Yule bwana akasikiliza, akajifuta jasho, akasema mji una basi moja na fedha haba, na kwamba kutoka kwetu mpaka Isevya ni karibu tu, yeye amefika upesi tu. Halafu akatabasamu. Akasema, "Lakini ninyi Wanyamwezi, babu zenu walitembea mpaka pwani na pembe za ndovu vichwani. Leo hapo Isevya tu mnataka mbebwe?"

Uwanja mzima ulicheka, mwanangu. Hata baba alicheka. Mimi nilisikia damu imenipanda kichwani. Nilikuwa msichana wa shule, nimejaa vitabu na hasira, na utani nilikuwa naujua wa misibani tu, pale watani wanapokuja kuiba sufuria na kuiga kilio cha wafiwa. Wagogo ni watani wetu tangu enzi za misafara, lakini huyu kwangu hakuwa mtani, alikuwa serikali. Nikasimama nimwambie kwamba ametutukana, kwamba yeye amekaa kwenye kiti cha gari na hajui lolote. Nilikuwa tayari nimefungua mdomo. Shangazi akanivuta gauni kwa nyuma mpaka nikakaa.

"Kaa chini," aliniambia kwa sauti ndogo. "Ametutania. Mtu wa ofisi angetuaga aende zake. Huyu ametufungulia mlango, na wewe unataka kuubamiza."

Sikumwelewa. Yeye akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaenda taratibu mpaka kwenye Land Rover, akanyoosha mkono dirishani na kuchomoa ufunguo. Akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Dereva alimwangalia bosi wake, bosi akamwangalia shangazi, na hakuna aliyejua la kufanya. Ndipo shangazi akamwambia yule bwana, mbele ya watu wote, kwamba babu zetu walipopita Ugogo walitozwa ushuru wa njia, wakatozwa na wa maji ya kunywa, nguo mpaka shanga ziliishia huko, na hakuna Mnyamwezi aliyesahau. Leo Mgogo amepita kwetu. Na yeye shangazi hataki ushuru wa nguo wala shanga. Anataka mtani wake arudi mpaka Isevya kwa miguu, pamoja nasi, kwa kuwa ni karibu tu.

Wewe umekua wakati watu wanaulizana makabila kwa wasiwasi, kwa hiyo labda hili litakushangaza. Mtani hakasiriki. Akikasirika ameshindwa, na atachekwa mpaka kwao. Yule bwana alilijua hilo kama alivyolijua jina lake. Alitazama viatu vyake, akatazama jua, akashusha pumzi. Kisha akavua koti. Shangazi akampa dereva ufunguo, akamwambia ale kwanza matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha, ashibe, atufuate jua likipungua. Dereva aliketi kula huku akijizuia kucheka, maskini, na wala hakuwa na haraka.

Kabla hatujaondoka shangazi alituonya sisi tuliokuwa tukifuatana naye. Alisema njiani mtu asiombe chochote. Asitaje basi, asitaje shule. Kutania ruksa. Halafu akachukua kifurushi chake cha viazi alichokuwa akipeleka mjini, akamtwika yule bwana kichwani, akasema leo mpagazi ametoka Ugogo. Tukaondoka tukiimba.

Nimetembea njia ile mara nyingi kiasi kwamba siwezi kuzitenganisha, ila safari ile naiona mpaka leo. Mchanga ulikuwa unachoma. Yule bwana mwanzoni alirudisha utani vizuri sana, akatuita wezi wa asali, akaimba na yeye. Tulipofika nusu alinyamaza. Alianza kuchechemea. Tulimpita mama mmoja amekaa kivulini na mtoto mgongoni anayechemka kwa homa, anapumzika kabla ya kuendelea hospitali. Yule bwana alisimama, akamuuliza ametoka wapi, akamtazama mtoto, na tulipoendelea mama yule aliongozana nasi na hakuna aliyeimba tena. Baba alikuwa nyuma yangu. Nilimsikia akikohoa tu.

Tulipofika Isevya basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Yule bwana alitua viazi, akakaa juu ya jiwe, akavua viatu. Malengelenge yake yalikuwa mekundu. Akanyoosha kidole kwangu, kwa kuwa nilikuwa na sare ya shule, akamuuliza shangazi kama nami hutembea hivi.

"Muulize mwenyewe," shangazi alisema.

Aliniuliza. Na mimi niliyekuwa na hotuba nzima kifuani, nilijikuta nasema kidogo tu. "Asubuhi ni giza, kwa hiyo huwa nakimbia. Mvua zikianza nitaacha shule."

Land Rover ilipofika alimpandisha kwanza yule mama na mtoto wake. Kisha akatuambia ukweli, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema fedha za mji si zake, na yeye peke yake hawezi kuongeza hata lita moja ya mafuta. Kuna kikao cha kupanga matumizi ya mwaka, wananchi wanaruhusiwa kukaa nyuma na kusikiliza, lakini sisi hatujawahi kuonekana pale. Akasema, "Njooni. Njooni na vumbi lenu hilohilo, msijisafishe. Mimi nitasimama kusema, na nikisimama nataka niwaone."

Tulikwenda. Kikao cha kwanza kilipita bila kutajwa hata jina la Ntalikwa. Cha pili tulitajwa, tukaahirishwa. Mvua zilianza, lakini baba, aliyemwona mtu mzima akishindwa njia anayopita binti yake, hakunitoa shule. Alinitafutia mahali pa kulala Isevya, kwa rafiki wa shangazi, mpaka mambo yaeleweke. Shangazi hakukosa kikao hata kimoja. Alikaa kimya, amevaa kanga yake ileile, na akina mama wengine wakazoea kukaa naye. Mwishowe fedha zikatengwa, wakaleta basi la pili. Siku lilipoingia Ntalikwa, na honi isiyokohoa, yule Mgogo alishuka akiwa na kifurushi cha viazi kichwani. Shangazi alicheka mpaka akakaa chini. Nilimaliza shule yangu. Nikaja kukata tiketi stesheni ya Bukene maisha yangu yote ya kazi, na kila treni iliyosimama nilimkumbuka shangazi.

Basi lile lilitusafirisha miaka mingi. Halafu shangazi akafariki, akina mama wa kanga wakazeeka, na viti vya nyuma vya kikao vikabaki vitupu. Basi likachakaa, na hakukuwa na mtu wa kuuliza. Siku hizi ni bodaboda na bajaji, na mji umekua mpaka Ntalikwa inaitwa mjini, lakini wasichana wanaotembea alfajiri nawaona bado kutoka barazani kwangu. Inaniuma. Ninaposema inaniuma nina maana kwamba usiku silali vizuri.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Futeni hayo matusi kwenye simu. Si kwamba wakubwa hawastahili kuambiwa, bali aliyetukanwa huenda zake na gari lake, na wewe unabaki na njia yako. Mkaribisheni huyo afisa mpya mwenye kupanga fedha, atembee nanyi, akiwa na mzigo, jua likiwa kali. Msimwombe chochote njiani. Mkienda kikaoni msiende mara moja na kupiga picha. Nendeni mpaka walinzi wa mlangoni wawajue kwa majina. Na mkilipata basi, hapo ndipo msiondoke, maana sisi tuliondoka. Basi linahitaji watu wa kulisemea kila mwaka, kama linavyohitaji mafuta.

Nimeulizia pia huyo afisa mpya ni mtu wa wapi. Nimeambiwa ni wa Kongwa, Ugogo kulekule. Mungu ni mwema kweli. Alhamisi mnipitie, nitakuwa nimevaa kanga ya shangazi, na viazi nimeshafunga.

Mungu awalinde njiani, asubuhi na jioni. Awape ndimi laini na miguu isiyochoka, na awajaalie mabinti zenu watoke nyumbani jua likiwa limechomoza. Na siku basi hilo litakapofika, niwekeeni kiti cha dirishani. Nikiwa nimeshatangulia, kiacheni wazi mpaka Isevya, kisha mpeni msichana wa kwanza mwenye sare.