Barua Nne za Shangazi

Mtaani walimwita Injinia, ingawa chuoni alisomea hisabati. Yeye na wenzake watano waliotawanyika huku na huko walikuwa wametengeneza programu huria ya kutunza mafaili ya wagonjwa katika zahanati ndogo. Haikuuzwa. Yeyote aliruhusiwa kuichukua, kuichokonoa na kuigawa. Injinia aliliamini jambo hilo kwa moyo wote, tena kwa sauti ya juu. Ukimchokoza kidogo tu, chai yako ilipoa ukimsikiliza.

Zahanati ya kwanza kuipokea ilikuwa ile ya shangazi yake, karani wa mapokezi. Ni shangazi aliyemkabili mganga mkuu akamwambia, "Huyu ni mtoto wa kaka yangu. Namdhamini mimi."

Watumiaji walipoongezeka, malalamiko yakamjia Injinia kila upande: simu, ujumbe, mtu kumsimamisha dukani. Akaamua kuweka mtambo wa barua pepe. Mtu anaandika kwa anwani moja, mtambo unalipatia tatizo lake namba na kulisambaza kwa watengenezaji wote, na majibu yanajipanga chini ya namba hiyo mpaka tatizo liishe. Kazi safi. Ila mtambo uliuchukua mstari wa kwanza wa barua kuwa jina la tatizo, na watu wetu hawaanzi barua kwa tatizo. Ndani ya wiki moja orodha ilisomeka: "Natumai hujambo." "Salamu nyingi zikufikie." "Ni siku nyingi hatujaonana."

Wenzake walicheka mpaka machozi. Yeye aliona haya. Akauwekea mtambo sharti: barua isiyoanza na neno HITILAFU irudishiwe jibu fupi, "Ujumbe wako haujapokelewa. Soma mwongozo." Chini yake akaweka jina lake, maana aliona si vizuri kiongozi kujificha. Mwezi huo orodha ikang'aa, naye akawatangazia wenzake kwamba hitilafu zimepungua kwa nusu.

Miezi miwili baadaye alipita zahanati. Shangazi hakuwa mapokezi. Alimkuta chumba cha nyuma, katikati ya rafu za mafaili ya karatasi.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Sogeza hilo boksi ukae."

"Kompyuta iko wapi?"

"Imefunikwa kitambaa, inapumzika. Siku hizi kila mtu ana haki zake." Hakutabasamu. "Wagonjwa wawili wakiwa na jina moja na mwaka mmoja wa kuzaliwa, inawatia kwenye faili moja. Mzee wa watu nusura apewe dawa za mwenzake."

"Sasa mbona hukuniandikia?"

"Nilikuandikia mara nne. Ukanijibu mara nne."

"Si mimi niliyejibu, shangazi. Ni mtambo."

"Una jina lako."

Alikuwa amezunguka vyuo vingi akihubiri kwamba programu hii ni mali ya kila mtu. Kisha akaweka bawabu mlangoni, akamfundisha kumfukuza kila aliyeingia kwa adabu. Sharti lenyewe alikuwa ameliandika kwa dakika kumi.

Akasimama. "Naenda kwa mganga mkuu sasa hivi. Nitamwambia kosa ni langu."

"Kaa. Nilishamwambia ni langu, nilibonyeza vibaya."

"Shangazi, kwa nini?"

"Ningesema ni programu, angekutangaza kwenye zahanati zote, na wewe ndiyo kwanza unaanza. Nikajua ukipata nafasi utanijibu." Alifuta vumbi kwenye jalada kwa kiganja. "Ukienda sasa nitakuwa karani mzembe, halafu mwongo."

Muuguzi alichungulia mlangoni, akataja jina la mgonjwa. Shangazi aliinuka kwa kushikilia rafu, akaanza kupekua jalada moja moja. Injinia alisogea kumsaidia, lakini hakujua yamepangwaje. Akabaki amesimama, mikono mitupu.

"Rudi nyuma kidogo, mwanangu," shangazi alisema bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."