Mwalimu wa Ng'ombe

Mimi ni mtu wa kurudi mlangoni kuhakikisha nimefunga kufuli. Nikishafika barabarani, narudi tena. Ndiyo maana siku nilipomwambia mwalimu mkuu kwamba naacha kazi, watu wa Garsen walidhani nimerogwa, na mimi mwenyewe nilikuwa karibu kuwaamini.

Nilikuwa nafundisha chekechea. Nilijua mtoto gani atalia Jumatatu, nani atakojoa kwenye mkeka, na wimbo gani utawanyamazisha wote. Majibu yote ya kitabu nilikuwa nayo kichwani. Ilikuwa kazi nzuri, na iliniziba pumzi, ingawa sikuthubutu kulisema hilo kwa sauti.

Kilichonitoa pale ni mbuzi. Nilikuwa nafuga wachache nyuma ya nyumba yangu ya kupanga, na asubuhi moja mmoja akavimba tumbo. Kufikia adhuhuri alikuwa amekufa, nami nimesimama kando yake na sufuria ya maji mkononi, sijui nimpe anywe au nimmwagie. Baadaye nikaambiwa ni gesi tu, dawa yake ipo na inajulikana. Nilipandwa na hasira ambayo haikushuka. Mwaka uliofuata nilikuwa darasani tena, safari hii nimekaa upande wa wanafunzi, najifunza afya ya mifugo pamoja na vijana walioniita shangazi.

Mama yangu, anayelima kando ya mto kule Hewani, alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Ng'ombe? Hao hao waliomaliza mahindi yangu? Uende uwape nguvu, warudi wamalizie na ndizi?"

"Mama, si wote."

"Mimi walipoingia shambani hawakujitambulisha."

Akarudi kwenye jembe lake. Mama akikasirika kwa maneno, mambo yataisha. Akinyamaza ndipo napata shida ya usingizi, na juu ya jambo hili alinyamaza miezi.

Nikafungua chumba kidogo cha dawa za mifugo Garsen. Nilipanga chupa kwa ukubwa, nikazipanga tena kwa rangi. Wafugaji walipita mbele ya mlango wangu wakienda kwa daktari wao wa siku zote, mwanamume aliyezaliwa katikati ya ng'ombe. Mimi walikuwa wananijua. Nilikuwa nimewafundisha watoto wao kuhesabu kwa vizibo vya soda. Walinisalimia vizuri, "Mwalimu, habari ya leo?" na wakapita. Kila jioni nilifunga kufuli, nikarudi kuihakikisha, na njiani nikajiuliza kama yule mwalimu mkuu ameshapata mtu mwingine.

Kisha asubuhi moja mzee mmoja wa Kiorma akasimama mlangoni, kanzu imejaa vumbi, fimbo begani.

"Yule daktari ameenda Madogo," alisema. "Simu yake haishiki. Ng'ombe yangu inazaa toka jana, mtoto hatoki. Wewe uko?"

Nilitaka kusema siko. Naapa neno lilikuwa mdomoni. Nilichosema ni, "Ngoja nichukue mkoba," na sauti niliyoisikia haikuwa yangu.

Tulikwenda kwa bodaboda mbili, tukakata katikati ya vichaka vya miiba vya mathenge mpaka tukatokea uwandani, ambako udongo ulikuwa umepasuka kwa kiangazi. Kijana aliyenibeba alinishusha penye nyumba za nyasi, akaangalia simu yake, akacheka. "Madam, huku network ni zii. Ukimaliza utajipanga." Akageuza pikipiki. Nilimtazama mpaka vumbi lake lilipotulia, kwa sababu nilikuwa nimewaza kwamba, mambo yakiharibika, nitarudi naye.

Ng'ombe alikuwa amelala kwa ubavu, mwekundu, pembe ndefu. Pua ya ndama ilikuwa imechungulia nje pamoja na mguu mmoja. Mguu wa pili haukuonekana. Nilipoona hivyo moyo ulitulia kidogo, kwa sababu lile lilikuwa kwenye kitabu: mguu umekunjwa nyuma, mrudishe ndama ndani kidogo, utafute kwato, uifunike kwa kiganja isimpasue mama yake, uilete mbele. Wanaume wawili walikuwa wamejaribu, mikono yao ikagoma kupita. Mimi nina mikono ya mwalimu wa chekechea, myembamba kama ya msichana. Nilivua saa, nikajipaka sabuni mpaka begani, nikalala kifudifudi kwenye kinyesi.

Ilichukua muda ambao sitaki kuukumbuka. Kila ng'ombe alipojikaza, mkono wangu ulibanwa mpaka vidole vikafa ganzi, na nilikuwa nikilia bila kujua. Lakini kwato ikaja. Tukavuta, mzee na mimi, na ndama akatoka na maji yake yote, akapiga chafya, akatikisa masikio.

Nikasahau niliko. Nilipiga makofi kama napigia mtoto aliyeandika jina lake kwa mara ya kwanza. "Hongera! Ndama mzuri! Mnene! Tazama alivyonenepa!"

Mwanamke aliyekuwa ameshika kibuyu akageuza uso. Mama wa yule mzee, bibi aliyekaa kivulini muda wote, akasema kitu kwa Kiorma, kwa ukali.

"Anasema nini?" niliuliza.

Mzee alikwepa macho yangu. "Sema mashallah, mwalimu."

"Mashallah," nilisema haraka. Nimekulia Tana River, ningewezaje kusahau? Kwetu mashambani tunasifu maboga na watoto bila breki. Kwa wafugaji, sifa tupu, isiyomtaja Mungu, ni jicho, na jicho linaua. Niliisema mara nyingine, na nyingine, lakini kila aliyekuwa pale alijua ilikuja nyuma ya sifa.

Na ng'ombe hakusimama.

Ndama alikauka, akajaribu miguu yake, akaanguka, akaenda kumtafuta mama yake. Yeye alilala tu. Tulimsukuma, tukamwinua kwa mkia, akapanda nusu na kuporomoka. Jua likafika juu. Mwili wake ukaanza kutetemeka na masikio yalikuwa baridi. Bibi alikuwa amesogeza kigoda chake, na hakuwa anamtazama ng'ombe. Alikuwa ananitazama mimi.

Ndipo mzee akaingia ndani na kutoka na kisu kwenye ala ya ngozi. Akachuchumaa karibu nami, akakiweka juu ya goti.

"Mwalimu, nataka kweli. Hii ng'ombe itasimama?"

Nilielewa anachouliza. Mnyama akifa mwenyewe ni mzoga. Hakuna atakayemla, hata kwa njaa. Akichinjwa angali hai, ni nyama ya familia na majirani. Kwa hiyo mzee alikuwa anapima saa. Akichinja mapema, amemuua ng'ombe ambaye angepona na kumwacha ndama bila maziwa. Akichelewa, amekosa vyote.

"Inabidi nimdunge sindano," nilisema. "Ya nguvu, na ya kuua viini. Tumbo la uzazi limeumia."

"Dunga."

"Ngoja, mzee. Nikishamdunga, nyama yake haifai kuliwa. Siku nyingi. Dawa inakaa mwilini."

Aliitazama mikono yangu, kisha kisu chake. "Basi ukidunga, kisu yangu haina kazi."

"Haina."

"Na ikikufa?"

"Amekufa bure."

"Na itasimama?"

Miaka yote niliishi mahali ambapo jibu lilikuwa ukurasa wa nyuma. Nilitamani mtu mzima aje. Nilitamani yule daktari atokee Madogo na begi lake. Niliwaza pia kitu cha aibu: kwamba nikisema chinja, hakuna atakayenilaumu. Ndama yuko hai, nyama ipo, nitarudi Garsen nikiwa sijashindwa wala kushinda, na labda nafasi yangu shuleni bado ipo. Ilikuwa njia salama, na nimepita njia salama maisha yangu yote. Nilimgusa ng'ombe shingoni. Alikuwa bado anamfuata ndama kwa macho.

"Sijui," nilisema. "Mungu ndiye anajua. Lakini mimi ningedunga."

"Si ng'ombe yako."

"Si wangu, mzee. Ukisema chinja, nitakaa kando."

Alinyanyuka akaenda kwa mama yake. Walizungumza muda mrefu. Nilivuta dawa kwenye bomba la sindano, nikairudisha, nikaivuta tena, ili mikono ipate la kufanya. Mzee aliporudi, bibi alikuwa nyuma yake na beseni la plastiki.

"Mama anakubali," alisema, na safari hii yeye ndiye aliyeona haya. "Lakini unawe kwanza. Mikono na uso. Maji anataka yeye."

Sikuhitaji kufasiriwa. Maji ya aliyetupa jicho humwagiwa aliyepigwa na jicho. Nilihisi uso unawaka. Nilikuwa na cheti ukutani na koti jeupe, ingawa lilikuwa limejaa kinyesi, nami nikaombwa kukiri kwa beseni kwamba mdomo wangu ndio ugonjwa. Nilitaka kumweleza bibi habari ya mishipa ya nyonga inavyobanwa wakati wa kuzaa. Kisha nikaviona vidole vyake kwenye ukingo wa beseni, vinatetemeka vibaya kuliko vyangu. Ng'ombe alikuwa wa nyumba yake. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Nikanawa. Mikono mpaka begani, uso, shingo. Bibi akayachukua yale maji ya sabuni na damu, akayamwaga kutoka mabegani mwa ng'ombe mpaka mkiani, akisema maneno yake. Mimi nikapiga magoti upande wa pili nikatafuta mshipa wa shingo, nikaipitisha dawa polepole huku nikisali kimoyomoyo kwa lugha yetu. Mzee akakirudisha kisu ndani.

Tukangoja. Sina namna ya kupamba kungoja kule. Nilichungulia masikio ya ng'ombe kila mara kama nichunguliavyo kufuli. Nililetewa chai ya maziwa, ikapoa mkononi. Mara moja alijaribu, miguu ya nyuma ikapanda, akaanguka kwa kishindo, na mzee akatazama pembeni. Jua lilianza kuinama. Nilikuwa tayari nimeshatunga nitakavyomwambia mwalimu mkuu.

Ndipo ndama akalia kwa njaa. Ng'ombe akajikusanya, akainua sehemu ya nyuma, akabaki hivyo, magoti ya mbele chini, anapumua. Hakuna aliyesogea. Kisha goti moja, kisha la pili, akawa amesimama, miguu yote minne inatetemeka.

"Mashallah!" nilipiga kelele, kabla ya mtu mwingine yeyote.

Bibi alicheka mpaka akaketi chini. Aliniambia kitu, na mzee akanifasiria: "Anasema sasa umejifunza."

Sijui kilichomwinua ni nini. Najua kilichokuwa kwenye sindano, na najua maji yale yalikuwa ya sabuni. Sijabishana na bibi, na tangu siku hiyo kila nikimaliza kazi uwandani, nanawa, na beseni na maji yake nawaachia wenye mifugo.

Jioni ile sikwenda nyumbani kwangu. Nilikwenda Hewani, nikamkuta mama anapukuchua mahindi uani. Nilinuka kinyesi. Nikaanza kusimulia kwa sababu nisingeweza kulala nayo. Aliendelea kupukuchua, kichwa chini, kama anayesikiliza redio ya jirani. Nilipofika penye kisu na sindano, nikainuka kuchota maji mtungini.

Mikono ya mama ilikuwa imesimama.

"Halafu?" aliuliza. "Alisimama?"

"Alisimama, mama."

Alishusha pumzi ndefu, akachukua gunzi lingine.

"Kesho uende ukamwangalie tena," alisema. "Na uwaambie wasimlete kwenye mahindi yangu."