Mikono ya Kumshika Kitufe

Katika chumba cha kushonea sare za shule, palipokuwa na vyerehani kumi na viwili na feni moja iliyozunguka pale ilipojisikia, fundi mmoja hakuna aliyemwita kwa jina lake. Wote walimwita Brashi. Kila alipomaliza sketi aliinuka, akaikung'uta, akaipiga brashi mbele na nyuma, ndipo akaikunja. Wenzake walidhani ni usafi uliopitiliza.

"Huyu siku akifika mbinguni," msimamizi alikuwa akitania, "ataanza na mabega ya malaika."

Brashi alicheka nao. Hakuwaambia kwamba kitambaa cha buluu nzito hakifichi kitu, na kwamba ule unga mweupe haukuwa vumbi. Ulikuwa ngozi yake mwenyewe.

Ugonjwa ulimwanza akiwa na miaka kumi na sita, kwenye viwiko. Ukashuka magotini, ukapanda kichwani: mabaka mekundu yenye magamba meupe, yanayowasha hadi mtu anajikuna kwa rula. Daktari wa ngozi alimtajia jina lake, soriasisi, kisha akamwambia mambo mawili: hauambukizi, na hauna dawa ya kuumaliza kabisa, unatulizwa tu. Vidonge alivyomeza mara moja kwa wiki viliutuliza miaka minne, chini ya mikono mirefu ya blauzi aliyoivaa hata jua liwake vipi.

Mumewe, fundi bomba, aliyajua yote kabla ya ndoa. Siku alipoonyeshwa yale mabaka aliyatazama, akasema, "Mimi nimeshika mabomba yenye kutu kuliko hayo." Brashi alicheka mpaka akalia. Nadhani ndipo alipokubali kuolewa.

Walipotaka mtoto, daktari alimwachisha vidonge. "Hivi na mimba havikai nyumba moja. Acha, subiri miezi niliyokuandikia, ndipo mjaribu. Ukishika mimba ngozi inaweza kutulia, inaweza kuchachamaa. Ila jihadhari baada ya kujifungua. Hapo ndipo ngozi za wengi huamka upya."

Hayo ya mwisho Brashi aliyasikia kwa sikio moja. Alingoja, akashika mimba, na ilipofika miezi mitano akashangaa akioga: viwiko vilikuwa laini. Alivipapasa kama mtu anayekagua pindo. Kesho yake alikwenda kazini na blauzi ya mikono mifupi.

"Kumbe una viwiko!" msimamizi akapiga kelele, na chumba kizima kikaangua kicheko.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, pua yake bapa na ya mviringo kama kifungo cha shati, na mafundi wenzake wakampachika jina la Kitufe. Mama mkwe akaja na mabegi mawili kusaidia kulea. Alikuwa mwanamke wa kazi. Aliamka kabla ya watu, alipika, alifua, na alimpokea mjukuu wake kama mtu aliyerudishiwa kitu alichoibiwa.

Wiki ya sita ngozi ikalipuka. Haikuja kwa viwiko safari hii, ilikuja na mwili mzima: mgongo, mapaja, kifua, hadi kuzunguka chuchu ya kushoto. Viganja vikapasuka. Mama mkwe aliingia chumbani bila hodi akamkuta ananyonyesha.

"Mama yangu! Hiki nini?"

"Ni ngozi tu, Mama. Ninayo tangu zamani. Haiambukizi."

"Ngozi gani inafanya hivi?" Alikwisha kumnyakua Kitufe, maziwa bado mdomoni. "Mwanangu, nisikilize. Wa kwanza wangu, kabla ya mumeo, alianza na vipele. Siku tatu. Siku tatu tu, nikamzika."

Brashi alikuwa na maneno ya daktari tayari kwenye ulimi. Akayameza, akafunga vifungo vya blauzi.

Tangu siku hiyo nyumba ilikuwa na sheria. Kitufe aliletwa amefungwa shuka kama kifurushi, akanyonya titi la kulia tu, akaondolewa. Kuogeshwa akaogeshwa na bibi. Kikombe cha Brashi kiliwekwa peke yake kwenye kona ya kabati. Wageni waliambiwa mzazi amelala. Hata msimamizi alipokuja, Brashi alimsikia ukumbini akiuliza, "Brashi wetu hajambo?" Alikaa kitandani, mikono ameificha makwapani, mpaka mlango wa mbele ukafungwa. Hakuna aliyemfungia kwa ufunguo. Angeweza kutoka. Lakini kutoka ni kuonekana.

Akamkabili mumewe. "Sema na mama yako."

"Mama anaogopa," alisema, akifuta mikono ambayo ilikwisha kuwa safi.

"Na mimi je?"

"Wewe mtu mzima. Tumvumilie kidogo."

Fundi aliyeshinda kutwa akizibua mabomba ya watu, yake aliyaacha yazibe.

Dawa nazo zilimbana. Vile vidonge vikali, asingeweza kuvimeza huku ananyonyesha. Mafuta ya kupaka kifuani yalipaswa kufutwa kila mara kabla ya kunyonyesha, na Kitufe alinyonya kila baada ya saa mbili, kwa hiyo hayakupata hata nafasi ya kuingia. Apone, aache kunyonyesha. Anyonyeshe, aendelee kuchubuka. Mama mkwe alikwisha kupendekeza maziwa ya kopo. Kila Brashi alipokataa alijiuliza kama anakataa kwa ajili ya mtoto, au kwa sababu yale ya titi ndiyo kitu pekee alichobakiwa nacho.

Asubuhi moja alimsikia Kitufe akicheka kwa sauti kwa mara ya kwanza. Kicheko kilitoka chumba cha pili, kupitia ukutani.

Kisha utosi wa Kitufe ukaota magamba ya manjano.

"Haya!" Mama mkwe alimwonyesha utosi. "Nilisema nini mimi? Umempa!"

Brashi alijua haiwezekani. Alijua, na bado akaitafuta kadi ya mtoto. Wakaenda kliniki wote wawili, bibi akiwa na mtoto, mama akifuata nyuma na kadi.

Muuguzi wa mizani alimvua Kitufe kofia, akapitisha kidole utosini. "Ukoko huu tu? Watoto kibao wanao. Mpakeni mafuta, mlainishie, mchaneni taratibu. Utatoka."

"Si ule wa mama yake?" bibi akauliza.

Muuguzi akamgeukia Brashi, akampandisha mkono wa blauzi bila glavu, akashika kiwiko. Wiki nyingi zilikuwa zimepita bila mtu kumgusa hapo. "Bibi, mwanao amelala kitanda kimoja na huyu miaka mingapi?"

"Minne."

"Ana baka hata moja?"

Mama mkwe akaanza kumvika Kitufe kofia.

Brashi akajikaza. "Na kurithi je?"

"Kurithi anaweza," muuguzi alisema bila kumzungusha. "Na anaweza asirithi. Hilo hakuna wa kukuambia leo. Lakini wewe hivi ulivyo, mbona hujarudi kwa daktari wa ngozi?"

Kesho yake mama mkwe alitenga beseni la maji ya uvuguvugu, akasogea pembeni. "Mwogeshe."

"Kwa mikono hii?"

"Una mingine?"

Sabuni iliingia kwenye nyufa za viganja ikamchoma hadi machozi, lakini hakumwachia. Kitufe alipiga maji kwa miguu akamlowesha kifua. Mama mkwe alisimama mlangoni muda wote, mkono umeshika fremu, akimtazama mtoto kama anayehesabu pumzi zake. Kikombe kilibaki kwenye kona yake.

Daktari wa ngozi alimwandikia matibabu ya taa, mara tatu kwa wiki, kwa kuwa hayo hayazuii kunyonyesha. Unavua nguo, unavaa miwani myeusi, unasimama wima ndani ya kabati la bati lililopangwa mirija ya taa pande zote. Mtoto haruhusiwi kuingia. Mumewe yuko kazini. Aliyebaki ni mmoja tu, naye alikuja, akaketi kwenye benchi la nje, mjukuu mapajani, bila kuombwa mara mbili.

Siku ya kwanza mashine iliwekwa kwa sekunde thelathini. Kufikia wiki ya tano zilikuwa dakika mbili na nusu. Magamba ya mgongo yalianza kulegea. Ya kifua hayakuwa na haraka. Daktari alisema wiki nyingine kumi, pengine zaidi, na kwamba ngozi hata ikitulia inaweza kulipuka tena.

Jumatano moja taa zilipowaka tu, Kitufe akaanza kulia huko nje. Kilio cha njaa, kile cha kupanda ngazi. Maziwa yakamtoka Brashi yakashuka tumboni. Mtaalamu wa mashine alikwisha kumwonya asifungue mlango katikati, kipimo kitaharibika. Akashika vyuma viwili vya pembeni, macho ameyafumba ndani ya miwani, joto likimlamba mapajani.

"Nyamaza, mama," alisikia sauti ya mkwewe kupitia bati. "Nyamaza. Mama yako yumo humo. Hawezi kutoka sasa hivi."

Kilio kikazidi. Brashi akaanza kuhesabu sekunde kwa sauti, Kitufe amsikie.